Jina Lililosubiri Miaka 117

Tangu Agosti 2020, aina tatu za jongoo bahari hazivuki mpaka wa nchi kihalali bila hati za CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini. Ni wale ambao wazamiaji wanaosema Kiswahili huwaita pauni: wanene, wenye vichuchu ubavuni, na ghali kuliko majongoo wengi wa baharini. Hati haiandikwi "pauni". Inaandikwa Holothuria fuscogilva, au Holothuria nobilis, au Holothuria whitmaei, na afisa wa forodha aliyefungua gunia la vipande vikavu, vigumu kama soli ya kiatu, anatakiwa ajue mle ndani mna yupi.

Jina la tatu lina kisa. Lilitolewa mwaka 1887 na Francis Jeffrey Bell, mtumishi wa Makumbusho ya Uingereza jijini London, aliyekabidhiwa viti vya pweza, majongoo bahari na ndugu zao. Waliomfuata hawakukubaliana naye. Waliona jongoo wake hana tofauti na nobilis, ambaye Emil Selenka alikwisha kumpa jina mwaka 1867, na jina la Bell likafutwa kwa namna ambayo taksonomia, elimu ya kuwapa viumbe majina na kuwapanga, hufuta majina: halichomwi, linawekwa tu chini ya jina lililotangulia, na wanaolikumbuka wanapungua mmoja mmoja. Mwaka 2004 watafiti watatu, Sven Uthicke, Timothy O'Hara na Maria Byrne, walilinganisha DNA ya pauni kutoka bahari mbalimbali wakakuta kwamba pauni mweusi wa Bahari ya Hindi na pauni mweusi wa Pasifiki ni spishi mbili. Wa Bahari ya Hindi akabaki na nobilis. Wa Pasifiki alihitaji jina, na hawakulazimika kubuni. Lilikuwepo, limekaa kwa miaka 117. Miaka 15 baada ya hapo mkutano wa CITES uliofanyika Geneva ukaliingiza kwenye sheria ya biashara ya dunia.

O'Hara, mmoja wa wale watatu, amekuwa mtunza mkusanyo wa wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo katika makumbusho ya jimbo la Victoria, Australia. Bell naye, kwa cheo cha zama zake, alifanya kazi iyo hiyo. Mtunza mkusanyo mmoja alizika akiba, mwingine akaifukua, na kati yao kuna vizazi vitatu au vinne vya watu ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kwamba kitakachofukuliwa hakijaoza.

Kwa sababu hiyo siwezi kuiandika taaluma hii ya kutunza mikusanyo ya makumbusho kama taaluma nyingine, kwa kuorodhesha sifa za mwombaji na ngazi za mishahara. Ni kazi ambayo faida yake mara nyingi humkuta mtendaji ameshazikwa, na karibu kila tatizo linaloisumbua leo, kuanzia uhaba wa nafasi hadi namna watu wanavyopandishwa vyeo, linatokana na kuipima kwa kalenda ya mwaka wa fedha.

Hata cheo chenyewe kinapotosha. Katika makumbusho makubwa ya Marekani mtunza mkusanyo ni mtafiti: ana shahada ya uzamivu, anaandika makala, anaomba ruzuku, anakwenda baharini, na pembeni yake yuko msimamizi anayehesabu chupa, kujibu maombi ya kuazima na kuongeza spiriti inapopungua. Katika makumbusho ya historia asilia ya London mpango ni mwingine: wenye cheo hicho ndio washika chupa, na watafiti ni kada ya peke yake. Anayeomba kazi bila kujua tofauti hii anaweza kufika kwenye usaili wa kazi ya mtu mwingine. Mimi naona mgawanyo huo, upande wowote wa bahari, una hasara yake. Makosa kwenye mkusanyo huonekana na anayezishika chupa, lakini anayeweza kuyasahihisha kwa maandishi yanayotambulika ni yule wa makala. Watu hawa wawili wakikaa ghorofa tofauti, kosa huishi muda mrefu.

Na wanyama wenyewe? Kundi hili lilianza kama mabaki ya mgawo. Linnaeus, ambaye toleo la 10 la kitabu chake cha mwaka 1758 ndilo mwanzo wa majina yote ya kisayansi ya wanyama, aliwatupia karibu wote kwenye kapu moja aliloliita minyoo: konokono, yavuyavu, viti vya pweza, ngisi. Mwaka 1793, mapinduzi ya Ufaransa yalipoigeuza bustani ya mfalme kuwa makumbusho ya taifa, Jean-Baptiste Lamarck alikuwa mtaalamu wa mimea anayekaribia miaka 50. Mimea ilikuwa na wenyewe. Akapewa uprofesa wa wadudu, minyoo na viumbe wa kuonekana kwa hadubini, sehemu ambayo haikuwa na wagombea. Aliifanya kazi hiyo hadi macho yakapofuka, binti yake Cornélie akawa ndiye mwandishi wake, na alipofariki mwaka 1829 akazikwa kwenye kaburi la kukodi. Ni yeye aliyetupatia istilahi yenyewe, wanyama wasio na uti wa mgongo.

Istilahi hiyo inawataja kwa wasichokuwa nacho, kana kwamba tungewaita watu wote wa dunia "wasio mabaharia" kisha tukatafuta mtaalamu mmoja wa kuwaelewa. Wanyama wamegawanywa katika faila, yaani makundi makuu, zaidi ya 30, karibu zote zina wawakilishi baharini, na wenye uti wa mgongo wote, kuanzia samaki hadi sisi, ni sehemu tu ya faila moja. Kiukoo, ngisi yuko karibu na binadamu kuliko alivyo karibu na sifongo. Kiti cha pweza nacho kiko karibu zaidi na sisi kuliko na pweza mwenyewe aliyepewa kiti hicho. Anayeajiriwa kutunza "wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo" amekabidhiwa karibu ufalme mzima wa wanyama, naye kwa uhakika anajua kundi moja, labda mawili, na ndani ya kundi hilo familia chache.

Hata kundi hilo moja halichagui kila mara. Isabella Gordon, Mskoti, alifanya utafiti wake wa uzamivu juu ya jinsi mifupa ya chokaa inavyoundwa katika ndugu za kiti cha pweza. Makumbusho ya London yalipomwajiri mwaka 1928, akiwa mwanamke wa kwanza katika nafasi ya kudumu ya muda wote ya wanasayansi wa hapo, nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya kaa na kamba. Akahamia kwa kaa na kamba, na humo akawa gwiji kiasi kwamba mwaka 1961 alialikwa Japani na kukutana na Mfalme Hirohito, ambaye naye alikuwa mtafiti wa wanyama wa baharini. Lamarck kutoka mimea, Gordon kutoka viti vya pweza. Vijana wengi huniambia wanapenda matumbawe au wanapenda pweza, na upendo huo ni mzuri, lakini nafasi ya kazi hutangazwa pale mtu mmoja anapostaafu, na kundi aliloliacha yatima ndilo linalomchagua mrithi. Anayependa hadubini na subira atafika mbali kuliko anayempenda pweza.

Subira hiyo huanzia ufukweni, au kwenye sitaha ya meli, na huanza kwa kuua vizuri. Sehemu hii haionekani kwenye vipeperushi vya makumbusho. Jongoo bahari akitumbukizwa kwenye spiriti akiwa macho anaweza kutapika matumbo yake yote. Wale ndugu wa kiti cha pweza wenye mikono myembamba kama uzi wa kushonea hujikata mikono vipande vipande. Minyoo hujikunja mafundo. Unachobaki nacho ni kielelezo kisichoeleza kitu. Kwa hiyo mnyama hulazwa kwanza, kwa saa kadhaa, kwenye maji yenye kloridi ya magnesiamu au chembe za mentholi, mpaka umguse kwa kibano asishtuke. Hapo ndipo hutiwa dawa ya kumgandisha.

Dawa ipi? Hapo pana ugomvi wa kweli. Fomalini hushika umbo vizuri mno, ila huiharibu DNA, na isipopunguzwa asidi yake hula chokaa. Kwa jongoo bahari kula chokaa ni msiba. Ngozi yake imejaa vijifupa visivyoonekana kwa macho, vyenye maumbo ya kushangaza: vingine kama vifungo vya shati, vingine kama vimeza vyenye mnara katikati, na katika baadhi ya familia kuna nanga kamili, na ndoana zake. Ili kumtambua jongoo, unakata kipande cha ngozi kidogo kama punje ya dengu, unakitia dawa ya kung'arisha nguo, nyama inayeyuka, na vijifupa vinatulia chini ya kioo. Spishi nyingi haziwezi kutenganishwa kwa uhakika bila kuvitazama. Jongoo ambaye vijifupa vyake vimeliwa na asidi ni mfuko wa ngozi. Habari njema ni kwamba kuchemshwa na kukaushwa hakuviharibu, na ndiyo maana yule afisa wa forodha, akimpata mtu wa kumsaidia, anaweza kupewa jibu hata kwa kipande kigumu kama soli.

Siku hizi walio makini hugawa amana mara mbili. Kipande cha nyama huwekwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 au kwenye jokofu la baridi kali kwa ajili ya DNA, na mwili hubaki mzima kwa ajili ya macho. Mtunza mkusanyo anawekeza kwa wajukuu wa aina mbili, asijue ni wepi watakaokuja.

Kisha kuna lebo. Karatasi ngumu, penseli au wino usioyeyuka, na hukaa ndani ya chupa pamoja na mnyama, kwa kuwa lebo ya nje hubanduka. Mahali, kina, tarehe, aliyekusanya, namna alivyokusanya. Mnyama mzuri asiye na lebo ana thamani ndogo kuliko mnyama aliyevunjika mwenye lebo nzuri, na hili ni jambo ambalo wageni wa kazi hii huchelewa kulikubali. Rangi nayo hupotea karibu yote ndani ya spiriti, ndiyo sababu karne ya 19 makumbusho yalinunua kwa wingi sanamu za vioo za yavuyavu na jamaa zake kutoka kwa Leopold Blaschka na mwanawe Rudolf, mafundi wa Dresden, ambazo mpaka leo zinaonekana hai kuliko wanyama halisi waliohifadhiwa chumba cha pili. Anayetaka rangi ibaki anaiandika, au anapiga picha kabla mnyama hajalazwa.

Spiriti hupungua hewani hata chupa ifungwe vipi, na kazi ya kuiongeza haina mwisho. Jengo lililofunguliwa London mwaka 2002 kwa ajili ya vielelezo vya spiriti lina rafu za kilomita 27 na vielelezo milioni 22, vyote katika ubaridi wa makusudi ili uvukizi na hatari ya moto vipungue. Mtu akiniuliza fedha za makumbusho huenda wapi, namwambia afikirie mtu anayetembea kilomita 27 akitazama vifuniko.

Sasa nifike kwenye hadithi ambayo taaluma hii hujisimulia kwa fahari, nami sina raha nayo. Mary Jane Rathbun alizaliwa mwaka 1860 huko Buffalo, Marekani. Masomo yake rasmi yaliishia sekondari. Alianza kwa kumsaidia kaka yake, Richard, aliyekuwa akifanya kazi za sayansi ya uvuvi, kupanga vielelezo wakati wa kiangazi, kisha akaingia makumbusho ya taifa ya Smithsonian na kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa kaa duniani. Spishi mpya alizozieleza zinapita 1,000. Mwaka 1914 kazi ilikuwa imemzidi, msaidizi anahitajika, na fedha hakuna. Akajiuzulu nafasi yake ya mshahara ili fedha hiyo imwajiri Waldo Schmitt, kisha yeye akaendelea kuja kazini bila malipo kwa zaidi ya miaka 20.

Simulizi hiyo husimuliwa kama mfano wa moyo wa kujitolea, na moyo ulikuwepo, sibishi. Lakini itazame kwa jicho la mhasibu. Taasisi ya taifa ilipata wataalamu wawili kwa bei ya mmoja, ikaizoea bei hiyo. Libbie Hyman, aliyeandika peke yake juzuu 6 kubwa juu ya wanyama wasio na uti wa mgongo kati ya 1940 na 1967, alipewa chumba katika makumbusho ya historia asilia ya New York. Chumba tu, mshahara hapana. Aliishi kwa mrabaha wa vitabu vya mazoezi ya maabara alivyoviandika akiwa bado Chicago. Lamarck alizikwa kwenye kaburi la kukodi. Ukizipanga habari hizi mstari mmoja, huoni tena watu watatu wenye moyo; unaona mfumo uliogundua mapema kwamba wanaoipenda kazi hii wataifanya hata wasipolipwa.

Mfumo huo haujafa. Sehemu kubwa ya utambuzi wa konokono na chaza wa baharini hufanywa na wastaafu na wapenzi wasio na ajira ya sayansi, na wengi wao ni hodari hasa. Vijana wenye uzamivu huzunguka kwenye mikataba ya mwaka mmoja, miwili, bara hadi bara, wakisubiri mtu astaafu. Anapostaafu, nafasi mara nyingi hufungwa, au hubadilishwa iwe ya jambo jingine, naye mstaafu hupewa ufunguo na meza ili "aendelee kutusaidia". Ukiipokea kwa shukrani meza hiyo, na ni nani asiyeipokea baada ya miaka 35 na wanyama wake, umemfungia mlango anayekuja. Rathbun angalau aliuona mtego huo: aliachia mshahara kwa sharti kwamba mtu fulani aajiriwe. Wanaomsifu leo huisahau nusu hiyo ya habari.

Kamati ya sayansi ya Baraza la Malodi la Uingereza ilichunguza hali ya wataalamu wa uainishaji mwaka 1992, ikarudi mwaka 2002, ikarudi tena mwaka 2008. Ukiona daktari amerudi mara tatu kwa mgonjwa yule yule, unajua dawa haikunywewa.

Kwa nini hainywewi? Kwa maoni yangu ni kipimo. Mwanasayansi siku hizi hupimwa kwa idadi ya makala zinazomtaja ndani ya miaka michache. Anayeipa spishi jina hujikuta katika hali ya ajabu: jina lake na mwaka huandikwa na kila mtu baada ya jina la mnyama, "Bell, 1887", lakini desturi hiyo haihesabiwi kuwa ni kunukuu. Mwanaikolojia anaweza kumtaja jongoo mara 40 katika makala yake bila kuorodhesha kazi iliyomwezesha kujua anamtaja nani. Mwaka 2020 kampuni inayotoa vipimo vya majarida iliiondoa Zootaxa, jarida kubwa la uainishaji wa wanyama, kwenye orodha yake kwa kosa la kujinukuu kupita kiasi. Wanataksonomia walikuja juu, na uamuzi ukatenguliwa ndani ya wiki chache. Lakini fikiria kosa lenyewe. Katika fani ambayo maelezo mengi ya spishi mpya huchapishwa kwenye jarida moja, makala itanukuu wapi isipokuwa humo? Kipimo kilikuwa kimeundwa kwa ajili ya watu wengine.

Kipimo hicho hicho hakina subira na chupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikokotoa kwamba kati ya kukusanywa kwa kielelezo cha spishi mpya na kupewa jina hupita wastani wa miaka 21. Ni umri wa kuzaliwa na kumaliza chuo. Kiumbe kinakaa kwenye rafu, hakijulikani, kikimsubiri mtu mwenye macho ya kundi lake, na mtu huyo huenda wakati huo yuko shule ya msingi. Mwenye bajeti akipita mbele ya rafu hiyo anaona chupa ambazo hakuna aliyezigusa miaka 20 na anauliza zinafanya nini hapo. Swali si la kijinga. Jibu lake ndilo gumu kulitia kwenye jedwali.

Wapo wanaosema DNA imelimaliza jambo hili: soma mfuatano, hifadhi kwenye kompyuta, achana na spiriti. Nawaelewa, na kwa mabuu na mayai, ambayo macho hayatofautishi kitu, DNA imekuwa ukombozi. Kwa vile viti vya pweza vyenye miiba vinavyokula matumbawe, vya jenasi Acanthaster, ni DNA iliyoonyesha mwaka 2008 kwamba mnyama tuliyemwita mmoja kote kutoka Bahari ya Shamu hadi Pasifiki ni wanne. Na hapo ndipo kazi ya makumbusho ilipoanza upya, kwa maana wanne wanahitaji majina manne, na majina ya zamani yaliyolala ni mengi. Ili ujue lipi ni la nani, inabidi urudi kwenye kielelezo ambacho jina limefungwa kwacho, ile holotaipu, ama, ikiwa imepotea, kwenye mahali ilipotoka. Mfuatano wa DNA usio na jina ni sawa na namba ya simu isiyo na mwenyewe. Unaweza kuipiga, lakini hujui unazungumza na nani.

Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018, makumbusho ya taifa ya Rio de Janeiro yalipokuwa yakiungua, baadhi ya wafanyakazi waliingia ndani huku moto ukiwaka na kutoa sehemu ya mkusanyo wa konokono na chaza, wakizitanguliza holotaipu. Muda ulikuwa mchache, jengo linaanguka, na akili zao zilikwenda kwenye vile ambavyo jina la spishi limefungwa kwavyo. Wasomi wangapi wanajua, bila kufikiri, ni kitu gani katika kazi yao wangekiokoa kwanza?

Wakati mwingine mkusanyo huulizwa swali ambalo mkusanyaji hakuliota. Meli ya Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, na shehena yake iliandikiwa ripoti zilizofika juzuu 50. Mwaka 2020 watafiti walichukua makombe ya foraminifera, viumbe vya seli moja ambavyo si wanyama hasa, yaliyovuliwa na meli hiyo katika Pasifiki, wakayalinganisha na yaliyovuliwa karne hii. Ya sasa ni membamba, mengine hadi kwa asilimia 76. Wakati wa safari hiyo hakuna aliyekuwa akiwaza hewa ya ukaa inavyoweza kuyaathiri makombe. Waliyaweka tu, kwa lebo.

Lipo jambo jingine ambalo watetezi wa makumbusho hulipita haraka. Vielelezo vya Bell viko London. Holothuria fuscogilva, pauni mweupe, alipewa jina mwaka 1980 na Gustave Cherbonnier wa makumbusho ya Paris. Wanyama wenyewe wanaishi katika bahari za joto, mbali na miji hiyo. Mtaalamu kijana wa nchi yenye majongoo hao anayetaka kuhakikisha amemtambua sawasawa hutegemea aazimwe kilichochukuliwa kwao, na spiriti ni mzigo wa hatari kwa ndege, wenye masharti ya ujazo na ufungaji, au atafute nauli. Picha za hali ya juu zimepunguza adha, lakini kijifupa cha jongoo huwezi kukigeuza upande wa pili kwenye picha. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 imeweka utaratibu wa idhini na mgao wa manufaa kwa yanayokusanywa sasa. Kwa yaliyokusanywa zamani haisemi mengi. Mtunza mkusanyo wa leo, awe London au kwingine, anatumia muda mwingi kwenye hati hizi, na baadhi hunung'unika kwamba zinachelewesha sayansi. Sinung'uniki nao. Kilichochelewesha sayansi zaidi ni kwamba kwa miaka zaidi ya 100 aliye karibu na mnyama alikuwa mbali na jina lake.

Na majina yanahitajika kwa haraka ambayo taaluma hii haikuizoea. Katika eneo la Clarion-Clipperton, sakafu ya Pasifiki kati ya Hawaii na Mexico ambako mikataba ya kutafuta madini imekwisha kutolewa, tathmini iliyochapishwa mwaka 2023 ilikadiria spishi 5,578 katika vilivyokwisha kuvuliwa, na takriban asilimia 90 kati yake hazina jina. Sheria ya mazingira hulinda kilichotajwa. Kabla mtu hajasema kwamba uchimbaji utaangamiza spishi fulani, lazima aweze kusema spishi gani, na wa kumwambia ni watu wale wale wa mikataba ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo, kijana akiniuliza kama aingie, namuuliza kwanza kama anaweza kuishi bila kuuona mwisho wa kazi yake. Kisha namwambia asikubali kufanya bila malipo kile ambacho taasisi ingemlipa mwingine, hata akitajiwa Rathbun. Ajifunze kundi ambalo mtaalamu wake ana miaka 60. Ajifunze DNA na vijifupa, vyote viwili, maana anayejua kimoja atakuwa mtumwa wa anayejua kingine. Aandike lebo kwa mwandiko unaosomeka.

Katika mkusanyo wowote wa majongoo bahari iko rafu ya wale walioshindikana. Chupa zake zimeandikwa Holothuria sp., yaani jenasi tunaijua, spishi bado. Kwenye baadhi ya lebo kuna mwandiko wa pili, wa mtu aliyepita baadaye akakata kipande cha ngozi, akatazama, akaongeza neno moja na alama ya kuuliza, na mwaka. Chini yake pana nafasi.